Vijiwe Ishirini na Vitano Juu ya Bampa

Kiatu cha kulia kilikataa kuingia mguuni. Tulikuwa Elegu, mpakani na Sudan Kusini, Septemba 2018, jua halijachomoza na foleni ya forodha imeanza kusogea. Nililegeza kamba zote, nikasukuma kisigino, wapi. Nikawasha taa ya kabini. Kifundo hakikuonekana tena, ngozi imevutika na kung'aa. Nikabonyeza kwa kidole gumba juu ya ugoko. Kidole kilipoondoka, shimo likabaki. Nilikaa nikilitazama likijaa polepole, kama donge la chapati lililobonyezwa.

Taniboi wangu, kijana anayenisaidia garini, alikuwa amesimama chini na kikombe cha chai. "Mzee, huo mguu si wa kawaida," akasema. Nikamjibu ni joto la Elegu. Siku hiyo niliendesha kwa kandambili.

Mimi ni mtu wa Tororo, mashariki mwa Uganda, nimekulia kivulini mwa ule mwamba mkubwa wa mjini. Baba alikuwa kibarua wa kiwandani, mama ni mkulima hadi leo. Usukani wa trela nimeushika tangu 1999: Mombasa, Malaba, Kampala, na baadaye njia ya Juba, unapita Mbale, Soroti, Lira, Kamdini, Gulu, unashukia Elegu. Katika barabara hiyo Mganda, Mkenya, Mtanzania na Msudani wote husalimiana kwa Kiswahili, na mimi nyumbani pia ndicho tunachozungumza. Lakini miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa. Saa kumi, saa kumi na mbili kwa siku. Tukifika yadi nilikaa tena, kwenye benchi, mbele ya sahani ya nyama choma na kijilima cha chumvi pembeni. Niliamini naupumzisha mwili. Ungeniuliza wakati ule, ningekuambia kwa moyo mweupe kwamba mtu aliyefanya kazi nzito anastahili kukaa.

Mwezi uleule redio ilitangaza kwamba Shirika la Afya Duniani limelinganisha nchi 168, na Uganda ndiyo yenye watu wachache kabisa wasioushughulisha mwili vya kutosha: asilimia 5.5 tu. Taniboi alishangilia kama vile Cranes, timu yetu ya taifa, wamefunga bao. Mimi nilinyamaza. Nilimfikiria mama yangu, anayetoka alfajiri na jembe begani, na watoto wa Soroti tunaowapita kila siku wakisukuma baiskeli zenye jerikeni nne. Hao ndio waliotupa sifa hiyo. Mimi nilijua ninakohesabiwa.

Tuliporudi Malaba niliingia kliniki ya madereva kando ya barabara. Sista alinifunga kile kitambaa mkononi, kikabana, kikaachia. Akarudia mkono wa pili. 172 kwa 108. Mzani ukasoma kilo 104.

"Mzee, kuanzia 140 kwa 90 tunaiita presha ya juu. Kichwa kinauma?"

"Hapana, sista."

"Ndiyo ubaya wake. Haiumi."

Alipima mkojo na sukari, akasikiliza moyo kwa muda mrefu, kwa sababu miguu kuvimba kunaweza kutoka kwenye moyo au figo, na hilo si jambo la kukisia. Kwangu figo na moyo vilikuwa salama. Uvimbe ulikuwa wa kukaa. Akaniinua, akagusa shavu la mguu wangu kwa kalamu. Damu hushuka miguuni yenyewe, akasema, lakini kupanda inahitaji kusukumwa, na msukumaji ni huu msuli hapa. Ukipiga hatua unaibana mishipa, damu inarudi moyoni. Ukikaa saa kumi, msukumaji amelala, na damu inayotuama huko chini inaweza hata kuganda. Nilikuwa na umri wa miaka 46 na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba shavu la mguu lina kazi zaidi ya kubeba mwili.

Nilitoka na vidonge na hofu. Hofu ni mwalimu mwenye haraka. Wiki iliyofuata, nikiwa mapumzikoni Kampala kwa shemeji yangu, nililipia miezi mitatu ya jimu, nikanunua raba, na asubuhi ya pili nikapanda kilima cha Naguru mbio, kwa kilo zangu 104, siku moja baada ya miaka kumi na tisa ya kukaa. Goti la kushoto lilivimba kabla sijafika juu. Jimu nilikwenda mara nne kwa jumla. Baada ya hapo nilikuwa Mombasa, kisha Juba, kisha Mombasa tena, na jimu haina matairi ya kunifuata. Vidonge navyo nikaacha baada ya miezi mitatu, kwa kuwa sikuhisi kitu. Naliandika hili bila kulipunguza kwa sababu najua madereva wengi wamesimama hapo hapo. Presha ikishuka kwa sababu ya dawa, mtu hudhani imepona, anaacha dawa, nayo inarudi kimyakimya.

Iliporudi niliijua Kamdini, mwaka uliofuata. Nilishuka kununua maji, dunia ikazunguka, nikashikilia kioo cha pembeni cha lori hadi ikatulia. Nyuma yangu nilikuwa na tani ishirini na kitu za saruji. Nilifikiria kama hilo lingenipata nusu saa kabla, mwendo wa kilomita sabini, katikati ya soko. Nikarudia dawa siku hiyo na sijaziacha tena.

Mazoezi nilijifunzia kwenye foleni. Mwaka 2020, corona ilipoingia, madereva tulikuwa tunapimwa mpakani Malaba na kusubiri majibu, na malori yalijipanga upande wa Kenya kilomita baada ya kilomita. Safari ile nilikuwa peke yangu, taniboi alibaki Tororo. Siku ya kwanza nililala kabini. Siku ya pili nikaiona miguu imeanza tena. Jioni taniboi akanitumia kwenye simu ile video ya Rais Museveni ya mwezi wa Aprili, mzee wa miaka 75, bila viatu juu ya zulia la ofisi, akikimbia huku na huku kisha anapiga pushapu 30. Chini yake kijana ameandika: "Mzee, hata ndani ya chumba inawezekana." Nilishuka.

Pa kwenda hapakuwepo, maana huwezi kuacha mzigo wa watu. Nikaanza kulizunguka lori. Nilipima kwa kamba ya turubai: kutoka pua hadi mkia karibu mita 17, mzunguko mzima kama mita 40. Mizunguko 25 ni kilomita moja. Tatizo likawa kuhesabu. Nikifika wa tisa, mtu ananisalimia, hesabu imepotea. Basi nikaokota vijiwe 25 kando ya lami, nikavipanga juu ya bampa ya mbele. Kila nikipita nachukua kimoja natia mfukoni. Bampa ikiwa tupu, kilomita imetimia. Kilomita ya pili, navirudisha kimoja kimoja.

Dereva wa Kitanzania aliyekuwa nyuma yangu alinitazama mizunguko sita au saba. "Mzee wangu, umepoteza nini?"

"Sijapoteza. Natembea."

Akafikiri kidogo. Kesho yake asubuhi nilikuta naye amepanga vijiwe. Siku ya nne tulikuwa watu sita, kila mmoja anazunguka gari lake, tunapishana kwenye pengo kati ya lori na lori, tunaulizana, "Vingapi vimebaki?" Majibu yangu ya corona yalipotoka nilikuwa nimetembea zaidi ya kilomita kumi na nne bila kuondoka pale nilipoegesha.

Kwenye ile mizunguko ndipo nilipong'amua kosa langu la miaka ishirini. Nilikuwa nauhesabu mwili kama gari. Gari huchakaa kwa kutembea. Kila kilomita inakula tairi, inakula breki, ukiliegesha umelitunza. Mwili uko kinyume. Ukiuegesha ndipo unapoharibika, na ukiutembeza ndipo unapojitengeneza wenyewe, usiku, ukiwa umelala. Sisi tunaoishi na magari tunalikosea hili kuliko watu wengine.

Lakini kujua ni kitu kimoja, na kufanya Jumatano ya mvua pale Naluwerere, kituo cha malori njia ya Kampala, umechoka, ni kingine. Kilichonisaidia ni matairi. Trela langu lina matairi 22, na kila ninaposimama lazima niyapite yote na rungu, nagonga moja moja, nasikiliza. Lenye upepo linadunda, lililolegea linasema "pu". Hakuna dereva mwenye akili anayesahau matairi. Basi nikaamua: rungu likishuka, mimi pia natembea. Nikimaliza kugonga tairi la mwisho silirudishi rungu mahali pake hadi nizunguke mara kumi. Nikisimama mara nne kwa siku, na huwa nasimama kila baada ya saa mbili au tatu, nimepata mizunguko arobaini kabla sijafikiria mazoezi. Sikulazimika kuitafutia nafasi tabia mpya. Niliipakia juu ya tabia iliyokuwapo.

Jioni yadini ndiyo nafasi ya mwendo wa haraka, nusu saa, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima. Sista wa Malaba alinipa kipimo kisichohitaji saa: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Na mara mbili kwa wiki nafanya ya nguvu. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na haiuzwi na jimu yoyote. Nilianza na nusu jerikeni, kwa heshima ya goti, nikichuchumaa hadi usawa wa kiti tu na kuinuka. Ilinichukua miezi mitano kufika jerikeni nzima. Kisha nashika ngazi ya kabini, nasimama kwa ncha za vidole na kushuka, mara ishirini, taratibu, shavu la mguu liamke. Hili la mwisho nalifanya hata kwenye foleni ya mizani.

Chakula kilinishinda kwa muda mrefu zaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hutaka kutembea ili waendelee kula vilevile.

Asubuhi yangu ya zamani ilikuwa rolex mbili, kila moja chapati na mayai mawili ya kukaangwa, na soda ya nusu lita kuisukuma. Binti yangu, aliyekuwa anasoma sekondari, alichukua chupa tupu nyumbani, akasoma kile kiandiko kidogo, akaenda jikoni na kijiko cha chai. Akamwaga sukari juu ya sahani mbele yangu, kijiko baada ya kijiko, akihesabu kwa sauti. Alifika kumi na mbili na kitu. Zaidi ya gramu 50. "Baba, hii ni ya chupa moja," akasema. Nilikuwa nakunywa tatu kwa siku. Ile sahani ilikuwa na mlima mweupe. Sijanywa soda nzima tangu siku hiyo, na sikuapa. Kila nikifungua friji ya duka naiona ile sahani.

Chumvi ilikuwa vita vya kimya. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula. Mimi nilikuwa naimaliza hiyo kwenye nyama choma peke yake. Mama mpishi mmoja wa Naluwerere, ninayekula kwake miaka mingi, nilimwomba anipikie maharage bila chumvi nyingi. Alikasirika kwa dhati, akaona natukana upishi wake. Nikamweleza presha, polepole. Akanyamaza, akaniambia mumewe alianguka kwa kiharusi wala hawakujua ana presha. Tangu hapo sufuria yangu ndogo huwa pembeni, na sasa wako wateja wengine wanaoiomba.

Mahali pasipo na mtu wa kunielewa napika mwenyewe. Madereva wa masafa tunajua: sanduku la pembeni la trela lina jiko, sufuria, kisu na kopo la unga. Zamani nilipika posho, yaani ugali, la kilo nzima na nyama. Sasa posho ni konzi moja, maharage mengi, na mboga za majani kila siku, dodo au nakati, ambazo njia nzima kutoka Mbale hadi Gulu wanawake wanauza kwa mafungu kando ya lami, bei yake haifiki hata ya soda. Matoke nayapenda ya mvuke, sio katogo, ya kuchanganywa na nyama, iliyojaa mafuta. Ndizi mbivu na chungwa viko kwenye dashibodi, mahali pa ile pakiti ya biskuti.

Mirungi nayo. Nilitafuna kwa miaka kumi na mbili ili nifike Juba mapema. Inafukuza usingizi, inafukuza njaa, inapandisha presha, na usiku unapotaka kulala inakataa. Nimewazika wenzangu wawili walioendesha usiku wa pili bila kulala. Siku hizi saa nne usiku naegesha, tajiri akasirike akitaka. Mzigo ukichelewa unafika kesho.

Nimetetereka pia. Mwaka 2022 mwezi wa Januari foleni ya Malaba ilirudi, mvua na baridi, na nilikaa kabini wiki nzima nikila mkate. Ramadhani ya kwanza sikujua nitembee saa ngapi; nikajaribu mchana nikakaribia kuzimia, ndipo nikahamishia baada ya tarawehe. Kila nilipoanguka nilianza tena kwa kijiwe kimoja, sio kwa kilima cha Naguru.

Kipimo changu cha mwisho kilikuwa 132 kwa 84, kilo 89. Daktari amepunguza vidonge kutoka viwili hadi kimoja, yeye mwenyewe, kwa vipimo vyake. Hicho kimoja nakimeza kila alfajiri baada ya swala. Taniboi wangu wa zamani ana gari lake sasa. Tulikutana Soroti, nikaangalia bampa yake kabla sijamwangalia usoni. Vilikuwepo, vimepangwa mstari.

Mwezi uliopita nilipata siku tatu za kukaa nyumbani Tororo. Shamba la mama liko kama kilomita tatu, njia inapanda. Kwa miaka yote nilikuwa nikitaka kumwona huko napanda boda boda, namkuta amelima nusu shamba. Safari hii nikamwambia tutatoka wote. Alinitazama miguu kwanza, kama anavyomtazama ng'ombe sokoni, kisha akanipa ndoo ya mbegu za njugu niibebe.

Tulitoka giza bado. Yeye alitangulia na jembe, kandambili zake zikipiga kisigino. Akaniuliza habari za barabara, nikamjibu. Akaniuliza habari za Juba, nikamjibu, tukiwa tunapanda, na sikusimama. Tulipovuka kijito, jua likaanza kuupaka mwamba rangi, mama akabadilisha jembe bega la pili na kuanza kuimba. Mimi nilikuwa bado kwenye kuzungumza.